Miwani Nyeusi ya Baba

Kila jioni kazi yangu ilikuwa moja: kumwosha baba macho. Alirudi hoi, akaegesha pikipiki ukutani, akajibwaga kwenye benchi la mlangoni bila hata kuvua viatu. Mimi nilimletea bakuli la maji yaliyochemshwa yakapoa, na kitambaa safi. "Taratibu, mama," aliniambia, na mara nyingi alisinzia kabla sijafika jicho la pili.

Baba alibeba abiria tangu alfajiri. Helmeti yake haikuwa na kioo cha mbele. Kijiweni kwao wote walikuwa wameving'oa vioo hivyo, eti abiria hapandi pikipiki ya mtu asiyemwona uso. Basi upepo, vumbi na wadudu vyote viliishia machoni mwake, yakawa mekundu mwaka mzima. Wenzangu shuleni wakampa jina: Macho Nyanya. Alipopita getini walicheka, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Niliona haya, nisiseme uongo.

Muuguzi wa macho pale zahanati hakumficha. "Ukiendelea hivi, baba, utaharibu macho. Nunua miwani ya pikipiki, yenye vioo vyeupe, inayoziba pembeni." Lakini baba alipotoka kazini maduka yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo akanituma mimi baada ya masomo.

Muuza miwani aliniwekea mbili mezani. Nyeupe ilikuwa nene, imezungushiwa mpira, kama ya fundi wa kukata vyuma. Nyeusi ilikuwa nyembamba, inang'aa. Nikamwona baba akilini akipita getini na ile nyeusi, na hakuna wa kumcheka. Nikaichukua.

"Nyeupe imekwisha, baba," nilimwambia.

Alikuwa amechoka mno, hakuuliza zaidi. Akaijaribu, akasema si haba, akalala.

Siku mbili mambo yalikuwa shwari, ila bibi mmoja alikataa kupanda, akisema hawezi kubebwa na mtu anayefanana na jambazi. Siku ya tatu wingu lilitanda na jioni ikaingia mapema. Kupitia vioo vile baba hakuona mashimo ya barabarani, akaivua miwani na kuitia mfukoni. Lori likampita, likarusha mchanga, na chembe moja ikamwingia jicho la kulia. Pikipiki iliyumba hadi ukingoni. Yeye na abiria wake waliponea chupuchupu. Mwenzake wa kijiweni ndiye aliyemleta nyumbani, kiganja kimefunika jicho.

"Jicho hili halioni, mama," aliniambia.

Asubuhi nilimshika mkono hadi zahanati. Muuguzi aliitoa ile chembe, akaliziba jicho.

"Limekwaruzwa tu, una bahati. Litapona. Lakini miwani niliyokuambia iko wapi?"

"Nyeupe ilikuwa imekwisha," baba alijibu. "Binti yangu ndiye aliyekwenda."

Sikuwa nimepata usingizi, na sikuwa na nguvu ya kuubeba uongo ule tena. "Haikuwa imekwisha," nilisema. "Niliiona mbaya. Nilichoka kusikia baba anachekwa."

Baba alinigeukia kwa jicho lake moja. Nilitamani anikaripie.

Muuguzi alimwomba baba ile nyeusi iliyokuwa mfukoni, akanivisha, akapitisha kidole pembeni mpaka kikagusa kope yangu. "Kidole kinapita, mchanga utashindwaje? Kioo cheusi ni cha jua kali. Jioni ni sawa na kujifunga kitambaa machoni. Tena hiki kikipigwa na jiwe kitapasuka vipande. Nendeni dukani na helmeti, ajaribu akiwa ameivaa."

Tulikwenda siku jicho lilipofunguliwa. Baba alivaa helmeti, akavaa miwani nyeupe, akatikisa kichwa, haikucheza. Nikajaribu kupitisha kidole pembeni, hakikupita. Akahema kwa nguvu, ukungu ukaja kidogo kisha ukatoka kupitia vitundu vya juu ya miwani. Mwisho akasoma bango la ng'ambo ya barabara, herufi kwa herufi.

"Umekuwa kama chura," muuzaji akamtania.

"Chura anaona," baba akajibu.

Njiani tulitembea polepole. Nilimwomba radhi.

"Nimekusamehe," alisema. "Kuona haya si kosa. Ungeniambia, tungezungumza. Ila sikiliza, mama. Muuzaji angeniambia miwani imekwisha, ningechungulia rafuni mwenyewe, kwa sababu simjui. Uliponiambia wewe, sikwenda kuchungulia. Neno la mwanangu mimi nalichukua bila kulijaribu, na barabarani tunalitegemea mimi na abiria wangu. Ndiyo maana lazima liwe la kweli."