Ngoma Inayojipiga Yenyewe

Pasi ilikuwa baridi tangu asubuhi, lakini chumba cha cherehani kilinuka kitambaa kilichoungua. Fundi aliikagua mara mbili, akasonya, akarudi kwenye sare zake za shule. Mwanawe wa pekee, Kidoti, wa miaka saba, alikaa sakafuni akiimba:

*Mlima hadi mlima, kumi.*
*Izunguke ngoma inayojipiga yenyewe, ishirini na tatu.*
*Toka mlimani shuka mchangani, thelathini na nane.*
*Nyeupe, haina mfuko, haina kifungo.*

"Nani kakufundisha?"

"Yule anayekaa chini ya cherehani, mama."

Fundi alicheka. Watoto hawaishi vituko! Mama mkwe wake, aliyekuwa akipunguza nyuzi mlangoni, hakucheka.

"Mwanangu, wimbo huo uache ulivyo. Usiufumbue."

"Mama naye! Si mchezo wa kuhesabu tu?"

Lakini fundi aliyeshona kwa miaka ishirini hasikii tarakimu zikampita hivi hivi. Kila siku aliandika za namna hiyo kwenye daftari la wateja. Mlima hadi mlima ni bega hadi bega. Ngoma inayojipiga ni moyo, basi kuizunguka ni kifua. Mlimani hadi mchangani ni urefu, mpaka kwenye nyayo. Na hiyo nyeupe isiyo na mfuko wala kifungo, jamani! Aliuweka mkasi chini.

"Ni sanda, mama," alinong'ona. "Ya nani?"

"Nyamaza. Mchukue mtoto tutoke."

Angetoka, mambo yangekuwa mengine. Lakini hofu ya mzazi haina subira. Alitaka kuhakikisha kwamba amekosea, hilo tu, akavuta futi yake ya kupimia shingoni, akamsimamisha Kidoti.

"Usimpime!" bibi alipiga kelele, lakini fundi alikuwa ameshaiweka begani, akasoma inchi kumi, akaizungusha kifuani huku moyo wa mwanawe ukidunda chini ya kidole chake, akasoma ishirini na tatu, akaiteremsha hadi sakafuni akiomba ipungue au izidi japo kidogo, na harufu ya kuungua ikazidi, na pedali ya cherehani ikaanza kupanda na kushuka bila mguu wa mtu, akasoma thelathini na nane.

Pedali ilisimama.

"Ahsante, fundi," sauti ilisema kutoka chini ya cherehani, ya upole kabisa, kama ya mteja mwenye adabu.

"Sijapokea kazi yoyote!" Fundi alimkumbatia mwanawe, akilia.

"Soma ukutani."

Hakuhitaji kusoma. Kibao alikiandika mwenyewe, baada ya kuchoshwa na wateja wanaopimwa kisha wanageuka: NIKISHAPIMA, NIMEPOKEA. HAKUNA KURUDI NYUMA.

"Nitaifuata Ijumaa," sauti ilisema. "Nataka niikute imevaliwa."

Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana.