Muwa Ndani ya Gurbaba

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimezaliwa Kambi Muru, nimeona mengi, na wanaonijua watakwambia nina mdomo. Lakini haya yalitokea nyumbani kwetu, mchana kweupe, na mpaka leo nikisikia mtu akivunja muwa natapika.

Asubuhi ile ya Alhamisi haikuwa na neno. Dada yangu Leila alikuwa mlangoni akichagua mchele. Mimi nilikuwa nikimtania binti yake, Suad, anayesomea utengenezaji wa filamu chuoni. Filamu yake ya kwanza ilikuwa kichekesho. Alirekodi ugomvi kwa simu, na makofi yakasikika kama mtu anayepangusa meza. Darasa zima lilicheka. Alilia siku mbili.

"Sasa nimeiva, Anti," alinijibu. "Ngumi hairekodiwi watu wakipigana. Unaitengeneza baadaye, ukiangalia picha. Ile filamu ya pili nilitumia kabeji. Niliifunga na shati ya Timothy, ile alivaa akiigiza, nikaitwanga na mchi mara nne. Nguo yenyewe ndiyo inaleta sauti ya ukweli."

"Na hii ya tatu?"

"Muwa, Anti. Nilienda kurekodi kwa Mitchelle huko Kabiro, si unajua mathe wangu ana ugonjwa wa sukari, hataki hata kuona muwa hapa. Nikaufunga na ile gurbaba. Nikavunja mkono, nikavunja mbavu, mwisho shingo. Krak! Mwalimu anaionyesha leo saa nne."

Gurbaba ni shuka tunayojifunga sisi wanawake wa Kinubi. Mitchelle, rafiki yake Mluhya, ndiye aliyeigiza mke wa Kinubi anayeuawa na mumewe. Na mimi ndiye niliyeanua gurbaba moja kambani nikampa Suad wamvalishe. Nilijiona nimesaidia elimu.

Timothy mwenyewe, rafiki yake Suad, alikuwa amekaa pale kwetu akinywa chai. Tangu mwaka jana alikuwa akipumua kwa shida. Alivunjika mbavu nne akiwa kwenye kiti cha kinyozi, watu wakimwona, na hakuna aliyemgusa. Kinyozi aliapa kwamba zilibonyea moja moja.

Akaweka kikombe chini.

"Ulitwanga mara ngapi?" alinong'ona.

"Nne."

"Na mlionyesha lini darasani?"

Suad alifungua simu, akatafuta tarehe.

"Ni siku ile," akasema. "Ni saa ile ile, Timo."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mwalimu hakushika simu. Suad alitoka mbio kwenda chuoni kuizuia filamu. Mimi nikarukia bodaboda kwenda Kabiro kumlinda Mitchelle. "Mnakimbilia wapi na chai haijaisha?" Leila akauliza. Nilimpita bila kumjibu. Mungu anisamehe.

Mitchelle alikuwa akifua. Nilimburuta ndani, nikafunga mlango, nikamlaza kitandani. Nikamshika shingo kwa mikono yote miwili.

"Anti, unaniumiza."

"Nyamaza."

Saa nne. Nikatazama mkono wake. Saa nne na dakika tano. Dakika kumi. Alikuwa akipumua. Saa nne na robo. Mkono mzima. Shingo nzima. Nikamwachilia. Nikacheka, nikalia, nikajiita mjinga. Nikajua Suad amewahi.

Simu ikalia. Alikuwa Khalid, jirani yetu.

"Malika. Rudi nyumbani."

Nilielewa kabla hajaendelea. Gurbaba ile haikuwa ya Mitchelle. Aliivaa siku moja tu. Niliianua mimi kambani, na ilikuwa ya dada yangu.

Khalid na Timothy waliona yote. Mkono wa Leila ulivunjika ukiwa ndani ya ungo wa mchele, mfupa ukachomoza nje. Akapiga ukelele. Timothy akamkumbatia asianguke. Mbavu zikaingia ndani. Moja. Nyingine. Nyingine. Damu ikamtoka mdomoni, ikalowesha mchele. Halafu shingo ikaanza kuzunguka yenyewe, polepole, uso ukapita bega, ukatazama mgongoni. Krak. Timothy alikuwa bado amemshika.

Suad alifika darasani watu wakipiga makofi. Kesho yake mwalimu, maskini, hajui lolote, alimwandikia ujumbe kwamba hajawahi kuona mwanafunzi aliyekomaa haraka hivi, hasa kwenye sauti. Suad aliitupa simu chooni. Hajashika kamera tena, wala hanitazami usoni. Sote wawili tulimuua Leila, na hakuna hata mmoja wetu anayejua amwombe mwenzake msamaha vipi.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha dada yangu. Nilipommiminia maji shingoni, yalishuka yakinata. Yalikuwa na harufu tamu. Kitu kikanichoma kidole pale ngozi ilipopasuka, nikakishika, nikakivuta. Zilikuwa nyuzi nyeupe za muwa. Nikavuta tena, zikaendelea kuja.

Leila aliugua kisukari miaka kumi na sita. Muwa haukuwahi kuingia nyumbani kwetu.