Bei ya Kuwa na Miaka Kumi na Tisa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kibiriti aliingia bandani kuokota mayai. Jina hilo alipewa na dada yake, maana ilitosha kumgusa kidogo tu awake. Bandani humo alikuwamo tetea mmoja mweusi, mkorofi wa kupindukia, aliyemdonoa mkono bila kukosa. "Donoa tu," Kibiriti alimwambia, "yai nalichukua!" Kisha aliyafuta mayai kwa kitambaa kikavu, akayapanga kwenye trei, na yale yenye nyufa akayapeleka jikoni.

Trei zikijaa, kazi ilihamia kwa Dada. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mchache wa maneno, na leseni yake ya pikipiki ilikuwa bado mpya. Alizifunga trei ndani ya sanduku la mbao nyuma ya pikipiki, akavaa kofia ngumu, akaondoka taratibu kama mtu aliyebeba kichanga. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Mama. Zamani Mama alikuwa muuguzi wa chanjo, akizunguka nayo mitaa yote, na hata alipoacha kazi hiyo na kuanza kufuga aliendelea kuitumia kupeleka mayai, mpaka goti lake lilipogoma. Ndipo Dada akashika usukani. Mayai hayo ndiyo yaliyolipa karo, kodi ya nyumba na chakula cha kuku wenyewe.

Shida ilianza bima ya pikipiki ilipokwisha. Mama na Dada walikwenda ofisini kukata mpya, wakarudi nyuso zimekunjamana.

"Wanataka karibu mara mbili ya mwaka jana," Mama alisema, akijitupa kitini na kulikanda goti lake.

"Mara mbili? Kwani pikipiki si ile ile?" Kibiriti aliuliza.

"Pikipiki ni ile ile, mwanangu. Anayeiendesha ndiye mpya. Wanasema vijana wa umri wa dada yako huanguka sana, kwa hiyo bei yao ni nyingine."

Kibiriti akawaka pale pale. "Dada ameanguka lini? Amemgonga nani? Yai moja halijawahi kuvunjika mikononi mwake! Basi alipishwe makosa ya watu asiowajua hata kwa sura?"

"Hawanijui mimi," Dada alisema polepole. "Wanaujua umri wangu tu."

"Basi tuendeshe bila bima!"

Mama alimtazama kwa jicho kali. "Mimi nimewafunga watu bendeji kwa mikono hii. Dada yako akimwangusha mtu barabarani, fedha za hospitali zitatoka wapi? Za kuuza kuku? Bima ndiyo itakayomtibu mtu huyo. Bila bima, pikipiki haitoki nje ya lango hili."

Siku chache baadaye alikuja wakala wa bima, mwanamume mnene mwenye mkoba wa ngozi na haraka ya kwenda kwingine. Alitaka kuiona pikipiki na kujua inavyotumika kabla ya kukamilisha bei. Mama na Dada walikuwa wamekwenda kununua chakula cha kuku. Nyumbani alikuwapo Kibiriti peke yake.

"Nani hasa anaendesha pikipiki hii, binti?" wakala aliuliza, huku akiinama kutazama matairi.

Kibiriti alihisi joto likipanda kifuani. Hawa ndio waliomwona dada yake kuwa mtu wa kuanguka anguka! Basi wapate wanachostahili.

"Mama," alijibu bila kupepesa macho.

"Na dada yako? Si alikuja ofisini na Mama?"

"Alimsindikiza tu, goti la Mama lilikuwa linauma siku hiyo. Dada kazi yake ni kuku. Pikipiki hata kuiwasha hajui."

Wakala alicheka. "Ungesema mapema, mngeniokolea safari. Mama yako ana leseni ya miaka mingi. Bei yake ni ya chini kabisa."

Jioni alirudi na karatasi, na bei ilikuwa imeshuka kweli kweli. Mama alifurahi mno, akatia saini bila hata kutafuta miwani. "Kumbe watu wa bima nao wana moyo!" alisema. Dada alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Kibiriti alikwenda kulala akijiona shujaa. Aliwashinda wakubwa, tena kwa maneno mawili matatu tu.

Ushujaa huo haukudumu. Mchana mmoja alikuwa akitoka shule pamoja na wenzake alipomwona Dada akija na pikipiki kwa mwendo wake wa pole. Ghafla mtoto mdogo alichomoka kwenye uchochoro, akikimbiza tairi bovu lililokuwa likibingirika kuelekea barabarani. Watu walipiga yowe. Dada alikanyaga breki, akaukata usukani upande, pikipiki ikaserereka na kulala kwenye mtaro. Sanduku lilifunguka, na barabara nzima ikawa ya manjano.

Mtoto alikuwa amesimama pale pale, mzima, akiyashangaa mayai. Bibi yake alimfikia mbio, akamnyanyua, akaanza kumpapasa kichwa, mikono na miguu.

Dada alijiinua na kiwiko kilichochubuka. Kabla hata ya kuitazama pikipiki, alimwendea yule bibi. "Pole sana, bibi. Sikumgusa, ashukuriwe Mungu. Na hata ningemgusa, nisingekukimbia. Nina bima. Angetibiwa mpaka apone."

"Mungu akuweke, mwanangu," bibi alijibu, na pumzi yake ikaanza kutulia.

Maneno hayo yalimpata Kibiriti kama maji ya baridi mgongoni. Dada hakuwa na bima. Kwenye karatasi zile, Dada hakuwa mwendeshaji hata kidogo. Alimtazama yule mtoto, vidole vyake vidogo vimeishika kanga ya bibi yake, akaona aibu hata ya kusogea karibu. Wenzake walikimbilia kuokota mayai machache yaliyosalimika. Yeye alibaki amesimama na mkoba wake.

Jioni, Dada alipokuwa akioshwa kiwiko, Kibiriti alishindwa kuvumilia. Aliyasema yote: wakala, swali, na jibu alilompa.

Mama aliacha kuosha. Pamba ilibaki hewani.

"Kwa hiyo leo nilimdanganya yule bibi," Dada alisema.

"Si wewe! Ni mimi niliye—"

"Mimi ndiye niliyemwambia nina bima. Nimemtazama machoni, nikamwambia uongo wako kwa mdomo wangu."

Kibiriti alitaka kulia, lakini hasira ilitangulia. "Wao walianza! Wao ndio waliokuhukumu bila kukujua! Nilikuwa nakutetea!"

"Hukunitetea, mdogo wangu. Umenifuta. Umesema hata kuwasha pikipiki sijui." Dada aliinuka, akachukua ufunguo wa pikipiki, akauweka mezani mbele ya Mama. "Siendeshi tena mpaka jambo hili linyooke."

Mama aliivaa miwani yake, akaisoma ile karatasi mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Na mimi nina langu. Bei ilinifurahisha, nikatia saini kitu nisichokisoma. Tutakwenda ofisini sote watatu."

Lakini kiwiko cha Dada kilikuwa bado kinauma, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa siku za mapumziko. Kuku hawakujua habari za mapumziko. Walitaga kama waliolipwa. Trei zilijaa jikoni, zikahamia sebuleni, zikapanda juu ya kabati, mwisho zikaingia chini ya kitanda cha Kibiriti, akawa analala amenyooka kama rula kwa hofu ya kugeuka. Mwenye mkahawa mmoja alituma ujumbe kwamba asipoletewa mayai atatafuta mfugaji mwingine. Hapo Mama aliazima mkokoteni wa jirani.

Dada alivuta kwa mkono mzima, Kibiriti akasukuma. Magurudumu yalilia kila yalipozunguka, na kwenye kila shimo mayai yaligongana. Vijana waliokaa barazani waliwatania: "Jamani, pikipiki imekufa? Tuje mazishini?"

"Njooni msukume badala ya kupiga domo!" Kibiriti aliwajibu. Hakuna aliyenyanyuka. Waliporudi nyumbani viganja vyake vilikuwa na malengelenge, lakini mwenye mkahawa alikuwa amepata mayai yake.

Ofisi ilipofunguliwa, walikwenda. Walipokelewa na meneja, mama wa makamo aliyevaa miwani ya mnyororo. Yule wakala naye aliitwa. Mama hakuzunguka. Alieleza kwamba taarifa zilizoandikwa si za kweli, kwamba anayeendesha ni binti yake mkubwa, na kwamba yeye mwenyewe alitia saini bila kusoma.

"Aliyesema uongo ni mimi," Kibiriti alidakia. "Naomba radhi."

Meneja aliweka kalamu chini. "Wachache sana huja hapa wenyewe kusema hivyo. Mnajua kwamba bima hii sasa haifai? Itabidi tuandike mpya, kwa bei ya kijana."

"Tunajua," Mama alisema.

"Lakini bei hiyo si ya haki," Kibiriti alisema.

"We!" Mama alimvuta kiwiko.

"Mwache aseme," meneja alisema, akiegemea nyuma. "Si ya haki kwa nini?"

"Kwa sababu hamumjui Dada. Wiki iliyopita alikubali kuanguka mtaroni ili asimguse mtoto wa watu. Mayai karibu yote yalivunjika. Mkasema ni kijana, mkamwekea bei."

"Binti, sikuitoa bei hiyo kichwani. Wageni wa barabara huanguka zaidi kuliko wazoefu. Mimi ndiye ninayelipa hospitali, na ninaona wanavyoletwa. Wengi ni vijana."

Kibiriti alifikiri, kisha akainua kichwa tena. "Sawa. Basi Dada afanye nini ili mumpime yeye mwenyewe, siyo umri wake?"

Mama aliacha kumvuta.

"Hilo sasa ndilo swali," meneja alisema taratibu. Alieleza kwamba kampuni ilikuwa na punguzo kwa kijana aliyehitimu mafunzo ya usalama barabarani, asiyebeba abiria na asiyeendesha usiku. Na kila mwaka akiumaliza bila ajali, bei ingeshuka tena.

"Mbona hatukuambiwa?" Kibiriti aliuliza.

Meneja alimgeukia wakala. Wakala alikuwa ameanza kuvichunguza viatu vyake. "Swali hilo nalo ni zuri," meneja alisema. "Na mimi nitauliza pia kwa nini mtu mzima alimhoji mtoto badala ya kumngoja mama yake."

Dada alijiandikisha kwenye mafunzo siku hiyo hiyo. Kwa majuma kadhaa Kibiriti alisukuma mkokoteni kabla na baada ya shule, na hakulalamika, ingawa aliwajibu vijana wa barazani kila walipofungua mdomo. Dada alipofaulu, mkufunzi alimsifu kwa namna anavyofunga breki. Bima mpya ikaandikwa, jina la mwendeshaji likiwa lake mwenyewe. Bei ilikuwa juu ya ile ya uongo, lakini chini sana ya ile ya kwanza. Mama alikuwa amepanga kupanua banda, lakini kwa gharama hizo mpango huo ulisubiri.

Wakitoka ofisini siku ya kuchukua bima mpya, Mama alisimama kivulini kupumzisha goti, akamwita Kibiriti karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Sitaki uache kupinga. Mtu akiona jambo linamwonea, aseme. Lakini siku ile ya wakala ulipinga ukiwa umejificha nyuma ya jina langu, na anayejificha hawezi kudai chochote. Akitoka tu, anakamatwa. Mbele ya meneja ulipinga ukiwa umesimama na ukweli wako mkononi, na mtu mkubwa akaketi akakusikiliza. Umeona tofauti?"

"Nimeona, Mama."

"Basi ushike ukweli daima, hata unapogombana."

Walianza tena kutembea.

"Mama, kwa hiyo nikiona bei hata sasa ni kubwa, niseme?"

"Sema. Kwa adabu."

"Bado ni kubwa," Kibiriti alisema.

Dada aliangua kicheko katikati ya barabara, na hakuna aliyembishia Kibiriti.