Matawi Mbele ya Roboti

Kila siku wakitoka shule, Mwadi na rafiki yake Elikia walipishana na roboti ya duka la dawa la Mama Claire. Ilikuwa sanduku jeupe lenye magurudumu, lililopeleka dawa kwa wagonjwa bila mtu wa kulisukuma. Kijana Samy, mfanyakazi wa duka, aliifuatilia kwenye simu akiwa dukani. Mafundi walikuwa wameifundisha jambo ambalo kila dereva wa mji wa Likasi, huko Kongo, analijua: ukikuta matawi mabichi barabarani, mbele kuna gari lililoharibika, simama.

"Tuone akili yake," Mwadi alisema siku moja. Akavunja matawi, akayatandaza mbele ya roboti, mengine nyuma. Ikasimama hapo hapo. Wasichana walicheka hadi mbavu zikauma, kisha wakaenda zao kula, matawi wakayaacha.

Jioni habari mbaya zikafika. Roboti ilikuwa imebeba insulini ya Papa Kabongo, mzee mwenye kisukari. Dawa iliharibika juani, naye akakimbizwa hospitali. Samy alijitetea kwamba simu ilimwonyesha matawi tu, akangoja njia ifunguliwe. Lakini hakuna aliyeona gari bovu, hivyo Mama Claire alimwita mwongo, akamfukuza kazi.

Mwadi alisukuma kando sahani ya bukari, ugali waliokuwa wakila na Elikia.

"Nyamaza tu," Elikia alimnong'oneza. "Hakuna mwenye alituona."

Mwadi akamsikiliza, akaenda kulala. Asubuhi Mwadi akienda shule, Samy, aliyekaa mlangoni kwao bila kazi, alimsalimia kwa upole kama kawaida. Salamu ile ilimuuma kuliko fimbo. Mwadi akageuza njia, akaenda moja kwa moja dukani.

"Mama Claire, ni minye niliweka yale matawi. Yaya Samy hana makosa," alisema, akimwita kaka mkubwa kwa heshima.

Mama Claire alifunga duka. Kisha alimshika mkono hadi kwa Samy.

"Minye pia nilikosa," alimwambia kijana. "Nilikuita mwongo bure. Rudi kwa kazi yako, tafadhali."

Kutoka hapo wakaenda hospitali. Papa Kabongo alikuwa amepata nafuu. Mwadi alipiga magoti, akaomba msamaha huku akilia.

"Nimekusamehe, mutoto wangu," mzee alisema. "Lakini sikia. Muntu akiona matawi, haulizi nani ameyaweka. Anaamini, anasimama. Weye ukiyafanya mchezo, kesho gari itaharibika kweli na dereva atapita tu, akifikiri ni mchezo. Wenye watakufa pale, utabaomba msamaha namna gani?"

Mwadi alifuta machozi. Aliutazama mkono wa mzee uliofungwa mpira wa dripu, akalia upya.