Saruji Kwenye Shina

Fuvu lilikuwa limetazama nje, kama mtu anayechungulia dirishani kuona nani anapiga hodi.

Fundi wa miti, ambaye wenzake humwita Tumbili, alikuwa ameketi chini, msumeno wa mashine umezimwa mapajani. Aliitwa kupunguza matawi yaliyolalia paa. Tawi kubwa lilipoanguka, lilibandua saruji iliyoziba pango la shina, na aliyekuwemo akaonekana.

"Nimeanza kazi hii kabla sijaota ndevu, afande," alisema. "Nimekuta nyuki, nimekuta nyoka. Mtu, hapana!"

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke asiyependa ua ulionyamaza, na ua huu ulinyamaza kupita kiasi. Hakuna jani lililotikisika. Maji meusi tu yalichuruzika kwenye jeraha la mti.

Mwenye nyumba, mzee mkavu wa maneno, alisimama barazani. Fundi aliitwa na binti wa mzee, bila kumwomba baba ruhusa.

"Baba haruhusu mti huu uguswe," binti alimweleza Inspekta. "Kila jioni anakwenda kuunong'oneza. Mimi nilikuwa namcheka tu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Alituacha nikiwa mdogo. Hata kwaheri hakuniambia." Alisema upesi, kama mtu aliyechoka kuulizwa, lakini bado ilimuuma.

Inspekta alimgeukia mzee.

"Nani aliziba pango hili?"

"Sijui. Nilinunua nyumba likiwa limezibwa."

"Na bembea hii, nani aliifunga?"

"Hiyo nilimfungia mwanangu alipoanza kutembea."

"Ukiwa tayari umehamia?"

"Sasa ningeifunga vipi kwenye nyumba ya watu?"

Bembea ilining'inia kati ya mti na nguzo ya chuma. Mnyororo wake ulizunguka shina, ukapita kwenye mdomo wa pango. Inspekta aliufuata kwa kidole mpaka kidole kikakwama kwenye saruji iliyobaki ukingoni.

"Mzee, mnyororo umezama ndani ya saruji. Saruji iliikuta bembea hapa."

Mtaalamu wa uchunguzi alichomoa pangoni mkoba wa kike ulioliwa na unyevu. Ndani mlikuwa na viatu vidogo vyekundu, vyenye vifungo vya kipepeo. Binti alishika mdomo.

"Vyangu hivyo. Baba, si ulisema nilivipoteza?"

"Mama anayemtoroka mwanawe habebi viatu vya mwanawe," Inspekta alisema taratibu. "Mzee, una haki ya kukaa kimya."

"Nimekaa kimya vya kutosha." Akaketi kwenye ngazi. "Alikuwa anaondoka naye. Nikamwambia nenda, niachie mtoto. Akakataa. Nikamsukuma, akaangukia kisogo, hapa hapa. Sikuweza kubaki peke yangu."

"Na jioni ulikuwa unaunong'oneza nini?"

"Nilikuwa namwambia mke wangu kuwa mtoto hajambo, amelala."

Tumbili aliinuka, akasogea mbali na mti.

"Uliponisukuma kwenye bembea," binti aliuliza, "ulikuwa unamtazama mama?"

Mzee akanyoosha mikono, Inspekta akamfunga pingu.

Binti alipita utepe wa polisi, wala hakuna askari aliyemzuia. Maisha yake yote alikuwa amemchukia mama huyu. Aliweka kiganja juu ya shina lenye unyevu, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Kumbe hukuniacha, mama," alisema. "Ulikuwa hapa hapa."

Nyuma yake, bila upepo, bembea ilitikisika kidogo, kisha ikatulia.