Alama ya Kidole Kwenye Ndege ya Bruno

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika tu, na soko la Mulongwe lilikuwa limejaa matope, motari na pikipiki zao za abiria, na wauza samaki wadogo, ndagala. Kizito alipita katikati yao akikumbatia katoni kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Pikipiki moja ikamgonga kiwiko. Katoni ikamponyoka, na kabla haijafika chini mikono miwili ya mwanamke ikaidaka.

Mwanamke huyo aliitwa Olga. Alikuwa na kibanda pale pembeni, akibandika majina na picha kwenye matangi ya pikipiki na kuyapaka verni, rangi ya juu isiyo na rangi inayong'aa, ili mvua isiyaharibu. Siku hiyo alivaa blauzi ya rangi ya chungwa na kikwembe cha buluu kiunoni, na kucha zake zilikuwa na madoadoa ya rangi. Alichungulia ndani ya katoni akaona ndege ndogo ya mfano, maketi yenye urefu wa mkono. Mabawa yalikuwa mazima, ila verni ilikuwa imegeuka njano, na chini ya herufi za mkiani kulikuwa na weupe kama ukungu.

"Herufi zimeingiza hewa," alisema. "Nani aliyezibandika?"

"Mudogo wangu, Bruno. Alikufa."

Olga alimpa pole na kumvutia kiti. Kizito akamweleza kwamba Bruno alitaka kuwa rubani, kwamba aliiunga ndege hiyo nyumbani kwao Bwegera kwa vipande alivyoletewa na mjomba, na homa ikamchukua katika msimu uleule wa mvua. Sasa mama yao alikuwa karibu kutoa matanga, kumaliza maombolezo. Kizito, fundi wa frigo za wafanyabiashara wa samaki kule Kalundu, alitaka ndege iwekwe mezani siku hiyo, iking'aa.

"Unataka iwe namna gani?" Olga aliuliza.

"Kama mupya. Ondoa makosa yote."

Maneno hayo Olga aliyashika.

Kazi ilikuwa ya polepole. Alitoboa herufi kwa ncha ya sindano, akazilowesha kwa maji ya vuguvugu yenye matone ya siki, kisha akazikandamiza kwa kitambaa mpaka hewa ikatoka na weupe ukaisha. Verni mpya hakuipaka haraka, maana hewa ya ziwa ikiwa na unyevu, verni hugeuka nyeupe kama maziwa. Alisubiri siku kavu.

Kizito akawa anapita kila jioni akitoka kazini, shati likinuka samaki, akidai amekuja kuangalia ndege.

"Ndege iko hapa mezani," Olga alimwambia siku moja. "Mbona weye unaangalia huku?"

"Minye naangalia fundi, asije akakimbia na mali yangu."

Kutoka hapo simu zikaanza. Kizito alimpigia asubuhi kumuuliza kama Kilibula, kwa kina Olga, kumenyesha. Alimpigia mchana kumwambia amekula nini. Alianza kumwita sheri, yaani mpenzi, kwanza kwa utani, baadaye bila kucheka. Olga alikuwa amezoea wanaume wa sokoni na maneno yao, lakini huyu asipopiga, alijikuta anaangalia simu.

Siku kavu ilipofika, Olga alichukua msasa laini akaulowesha, akasugua ile verni ya njano. Chini ya tumbo la ndege kulikuwa na alama ya kidole gumba iliyozama ndani ya verni. Aliona ni kosa, akaisugua pia. Kisha akapaka verni mpya, tabaka jembamba juu ya jingine, na ndege ikatoka safi kama kioo.

Kizito alipoipokea alitabasamu, akaigeuza, akapitisha kidole gumba tumboni. Tabasamu likaondoka.

"Kidole chake kiko wapi?"

Olga hakuelewa. Kizito akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hiyo ndiyo alama pekee ya mwili wa Bruno iliyobaki duniani, kwamba kila akirudi kwao Bwegera yeye mwenyewe aliweka kidole chake pale.

"Hukuniambia," Olga alisema. "Ulisema niondoe makosa yote."

"Kidole cha mudogo wangu si kosa."

Akaiacha ndege mezani, akaondoka. Jioni Olga alipiga simu, ilikuwa imezimwa. Kesho yake pia. Alimuulizia kwa motari wa Kalundu, hakuna aliyejua. Wiki ikapita akiendelea kubandika majina ya watu wengine. Mwishowe aliifunga ndege katika kitenge, akapanda gari la Bwegera. Kama kuna aliyestahili kuambiwa uso kwa uso, alifikiri, ni mama yake Kizito.

Huko aliuliza njia mpaka kwa mama huyo, Mama Sabine, aliyekuwa anaanika mpunga uani, angali katika nguo nyeusi. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Akaigeuza ndege, akaangalia mahali alama ilipokuwa.

"Kile kidole kilikuwa changu," alisema.

Alisimulia kwamba aliishika ndege siku Bruno alipoipaka verni, akitaka kuifuta vumbi, hajui kwamba verni haijakauka. Bruno alikasirika, akashinda mchana mzima bila kumsemesha. Usiku homa ikaanza, na hawakuwahi kukaa tena wakaongea vizuri. Baada ya mazishi Kizito aliiona ile alama, akadhani ni kidole cha Bruno, akalia kwa furaha, na mama akashindwa kumnyang'anya furaha hiyo.

"Kila akiweka kidole pale, minye naona hasira ya mutoto wangu. Acha iende. Usimwambie."

"Mama, nikinyamaza, atabaki ananichukia kwa kitu ambacho hakikuwapo."

Mama Sabine aliinamia mpunga. Alisema tu kwamba hangejua aanzie wapi, ila mtoto wake akimuuliza, hatamdanganya.

Olga alimwachia ndege. Ndani ya gari alituma ujumbe wa sauti: "Kizito, sikuombi musamaha. Nenda Bwegera, umuulize mama juu ya kile kidole. Mengine si yangu kusema."

Zilipita siku ambazo Olga hakujua kama ujumbe umesikilizwa. Kisha, jioni moja ya jua, Kizito akasimama mbele ya kibanda, amekonda, macho mekundu. Alisema alikuwa amelala kwa mama yake na kuambiwa yote, kwamba kwa mara ya kwanza walimtaja Bruno wakalia, na baadaye wakacheka. Alisema anaona haya.

"Kukasirika si kitu," Olga alisema. "Hata kesho utanikasirikia. Lakini ulizima simu. Nilikaa hapa sijui kama uko muzima. Mama yako alinyamaziwa siku moja tu, na unaona anavyobeba mpaka leo."

"Sitazima tena."

"Usiniahidi hapa sokoni. Njoo kwetu Kilibula Jumapili, useme mbele ya baba."

Kizito alimtazama, akijaribu kuhakikisha amesikia vizuri.

"Niseme hiyo tu, ao na ingine, ya posa?"

Olga aliendelea kupaka verni tangi lililokuwa mbele yake.

"Na hiyo ingine," alisema.