Asida Iliyoshindiliwa

Kila jioni, mama akishasonga asida ya mtama, Tisa ndiye aliyempimia baba yake. Alijaza bakuli dogo la bati lenye maua mekundu, akalipindua juu ya sahani, kisha akazungushia mchuzi wa bamia. Bakuli moja, basi. Ndivyo Daktari Saturnino alivyoagiza.

Walikuwa na mwaka mmoja tu tangu warudi Juba kutoka uhamishoni Uganda, wakapata nyumba mtaa wa Hai Mauna. Baba yake, Ezbon, aliendesha lori la mizigo kwenda Yei. Lakini mwili ulikuwa umemzidi na presha imempanda. Daktari alikataa kumwandikia barua ya kurudi kazini mpaka apungue kilo tano. Mwezi ukiisha bila barua, tajiri mwenye lori angempa mtu mwingine.

Shida ilikuwa majirani. Wanaume wa mtaa walikula pamoja sinia moja mbele ya nyumba ya Celestino, na penye mikono sita nani anajua amekula kiasi gani? Kwa hiyo baba aliacha kwenda.

"Ezbon, taal, akulu!" Celestino alimwita. "Njoo ule, ndugu yangu!"

"Nimeshiba."

"Ameleta maringo ya Kampala huyu!"

Wakacheka. Baba akabaki peke yake, akikomba sahani kwa kidole. Tisa alimhurumia mno. Jioni iliyofuata akaishindilia asida kwa mwiko, akaongeza, akashindilia tena, mpaka bakuli moja likabeba ya mabakuli mawili.

"Bakuli ni lile lile," alijiambia. "Sijasema uongo."

Baada ya wiki mbili baba alirudi kupimwa uzito. Kilo mbili zimeongezeka!

"Unakula kwa Celestino," mama alisema kwa hasira.

"Teresina, haki ya Mungu, sijagusa sinia ya mtu."

"Basi mizani ndiyo mwongo?"

Tangu hapo Tisa hakutulia. Aliketi, akasimama. Aliosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Mara tatu alifungua kinywa aseme, na mara tatu akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Jioni hiyo hakushindilia, lakini mama na baba hawakusemezana.

Jumamosi akamfuata baba zahanati. Daktari Saturnino alitazama mizani, akatikisa kichwa.

"Ezbon, mwezi unakaribia kwisha. Mimi unaweza kunidanganya, moyo wako hutaudanganya."

"Mimi si mwongo, daktari," baba alisema.

Tisa hakuweza kuvumilia tena. "Ni mimi!" alilia. "Nilikuwa naishindilia asida. Nilimwonea huruma!"

Daktari hakucheka. Alichukua karatasi, akamwandikia tajiri amngojee Ezbon mwezi mmoja zaidi, na tajiri, baada ya kunung'unika sana, akakubali.

Walipokaribia nyumbani baba alisimama. "Ulilihurumia tumbo langu," alisema. "Lakini mama yako aliponiita mwongo, ulikuwa unasikia."

Maneno hayo yalimchoma Tisa kuliko kiboko. Aliingia ndani, akamweleza mama kila kitu.

Jioni hiyo alijaza bakuli bila kushindilia, akalisawazisha kwa kisu. Baba akachukua sahani yake, akaenda kuketi na wenzake.

"Hiyo si ya mtoto?" Celestino alimtania.

"Ni ya dereva," baba akajibu, akanawa mikono.

Wakacheka, na safari hii baba alicheka pia. Hivyo ndivyo alivyokula kila jioni, sahani yake kando ya sinia yao, mpaka kilo zikapungua na barua ikaandikwa.

Asubuhi ya safari ya kwanza, Tisa alimletea chakula cha njiani, kimefungwa kwa kitambaa.

"Umeshindilia?"

"Hapana, Baba."

"Vizuri. Ukimhurumia mtu, mwanangu, mhurumie waziwazi. Huruma ya kujificha humdhuru unayempenda."

Akaliweka furushi kando ya usukani bila kulifungua kutazama, akawasha lori.